Alikuwa Amelala

Jumatatu, 5 Machi 1973

Mvua imeanza rasmi. Ilitukuta katikati ya kesi ya ng'ombe, na mabati ya mahakama yetu hayana dari, kwa hiyo ikinyesha ni kupigiana kelele tu. Shahidi anapiga kelele kwa Ekegusii, lugha yetu Wakisii, mimi mkalimani napiga kelele kwa Kiswahili, Hakimu anapiga kelele "Rudia!" kisha anaandika kwa Kiingereza. Nimerudi nyumbani sina sauti. Esnah, mke wangu, akanipa uji wa wimbi akasema angalau leo atapumzika.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii kimejaa watu ninaowajua, na Kiingereza ni cha Hakimu.

Jumanne, 6 Machi

Mvua. Drafti na Koplo Ondieki barazani, kwa vifuniko vya soda. Kanifunga tena, mshenzi yule.

Ijumaa, 9 Machi

Mtu akisoma haya atajiuliza kwa nini mfanyakazi wa mahakama anacheza drafti na polisi. Jibu ni ua. Nyumba yangu ya serikali na kituo cha polisi vinatenganishwa na ua wa michongoma, na bomba la maji ni moja. Halafu kuna jambo la mwaka juzi. Esnah alitokwa damu mimba ikiwa ya miezi sita, barabara yote tope, na Ondieki hakuomba ruhusa ya mtu. Alimbeba mikononi, akamtia kwenye Landrova ya kituo, akaendesha mpaka hospitalini Kisii huku akimwimbia nyimbo za kanisani ili asilale. Mke wangu yuko hai. Binti yetu yuko hai. Mtu kama huyo utamfanyia nini ila kumpenda?

Na sasa Esnah ana mimba tena. Anatarajia mwezi wa sita.

Jumatatu, 12 Machi

Ishmael amekufa. Nimesikia habari bombani, kutoka kwa wanawake waliokuja kuteka.

Ishmael alikuwa karani wa kupima majani chai, kijana wa Mzee Nyamweya. Alhamisi alikamatwa kwa habari ya baiskeli iliyoibiwa. Ijumaa alikuwa maiti. Kitabu cha matukio cha kituo kinasema alikuwa amelewa, akaanguka mtaroni. Ishmael! Msabato aliyekataa hata mursik, maziwa ya kugandisha, kwa kina mjomba wake kule Sotik akisema yamekaa sana kwenye kibuyu! Nilicheka kwa hasira, wanawake wakanitazama.

Mzee Nyamweya ni wa ukoo wetu na rika la marehemu baba yangu. Namwita Tata, yaani baba, kama nilivyomwita baba mwenyewe. Kwa hiyo Ishmael ni ndugu yangu.

Alhamisi, 15 Machi

Tumemzika. Polisi walileta jeneza likiwa limepigiliwa misumari, wakasimama kando mpaka lilipofukiwa. Hakuna aliyeuona mwili ila mzee. Walikuwa wamemwita chumba cha maiti peke yake, eti aje amtambue mwanawe, wakafunua shuka yote. Shuka yote, mbele ya baba mzazi! Tangu hapo mzee hajasema neno. Watu walipolia alisimama akitazama shamba lake la chai, na mvua inamnyeshea, na hakuna aliyethubutu kumfunika.

Jumamosi, 17 Machi

Kutakuwa na uchunguzi wa kifo mbele ya Hakimu. Ondieki kaniambia baada ya ibada yetu ya Sabato, kwa upole wake wote. "Nimemwambia Inspekta atakayewahoji mashahidi kwamba wewe ndiye utakayetafsiri. Mzee ni baba yako. Mbele yako atajisikia yuko nyumbani." Nilishukuru. Kwa kweli nilijiona mtu wa maana.

Jumatano, 21 Machi

Kuna mwalimu anayenisumbua. Ni Drusilla, dada yake Ishmael, anafundisha darasa la tano. Kila shule ikifungwa jioni anakuja masjala, viatu vya mpira vimejaa matope, anaomba majalada ya zamani ya uchunguzi wa vifo. Nilimwambia mahakama si maktaba.

"Jalada lililofungwa anaruhusiwa kulisoma nani, Bwana Ogari?"

"Yeyote."

"Basi mimi ndiye yeyote."

Anakaa mezani kwangu, ananimalizia mwanga wa dirisha. Ana kiburi cha walimu.

Ijumaa, 23 Machi

Mvua. Mwalimu tena. Kaleta ndizi mbivu, kala peke yake.

Jumatano, 4 Aprili

Nina mengi ya kuandika leo na mkono hautaki.

Mahakama ilijaa. Ondieki alikuwa mlangoni akiwapokea watu wa msiba, mpole, anawashika mikono. Benchi la mbele kabisa aliwapa wake za wana wa Mzee Nyamweya, na mke wa Ishmael mwenyewe, na nyuma yao akawapanga wana. Hakimu wetu ni mtu wa Machakos. Alimsifu mbele ya wote kwa kuwaheshimu wafiwa. Mimi niliendelea kulitazama lile benchi.

Sijui kama mgeni ataelewa. Kwetu kuna chinsoni. Ni soni, ni aibu, ni heshima, vyote pamoja. Baba hauoni uchi wa mwanawe na mwana hauoni wa baba. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao, wala mbele ya mke wa mwana, wala mbele ya mwana yeyote wa ukoo. Na babu unaweza kutaniana naye matusi mpaka mbavu ziume. Na baba, hapana. Baba akitamka, amejivua nguo mbele ya nyumba yake yote, na hakuna wa kumvika tena.

Mzee Nyamweya akapanda kizimbani. Inspekta akauliza, mimi nikageuza kwa Ekegusii: Uliuona mwili wa mwanao?

"Niliuona."

Ulikuwa na majeraha?

Mzee akatazama benchi la mbele. Wake za wanawe wote walikuwa wameinamisha vichwa. Kisha akanitazama mimi, mwana, nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Alikuwa amelala," mzee akasema.

Nilijua alichokuwa anasema. Kila Mkisii mle ndani alijua. Lakini kiapo changu ni kugeuza yaliyosemwa, si yaliyonyamaziwa. Nikasema kwa Kiswahili, "Alikuwa amelala." Hakimu akaandika. Inspekta akasema, "Kwa hiyo shahidi hakuona jeraha," na hilo nalo likaandikwa.

Hakimu kaahirisha mpaka mwezi ujao, anamsubiri daktari aliyetia sahihi cheti cha kifo. Mzee alinipita mlangoni bila kuinua macho. Afadhali angenitemea mate.

Alhamisi, 5 Aprili

Sikwenda kwenye drafti. Nilisema kichwa kinauma.

Jumanne, 10 Aprili

Mwalimu Drusilla aliniwekea majalada manne mezani, kila moja limefunguliwa, mawe yamekandamiza kurasa.

"Soma," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

"Nayajua. Nilikuwepo."

"Basi nikusomee mimi. Mzee Angwenyi, mwaka sitini na nane: nilimwona mwanangu, alikuwa amelala. Huyu wa sitini na tisa: alikuwa amelala. Sabini na moja: alikuwa amelala. Mwaka jana: alikuwa amelala. Na kila kitabu cha matukio, mtu alilewa akaanguka mtaroni. Wote wanalala tu, Bwana Ogari. Hiki ni kituo cha polisi au nyumba ya wageni?"

Nilimwambia apunguze sauti. Akaipandisha.

"Mmoja akisema, ni msiba wake. Watano wakisema neno moja, mtu amelifunga hilo neno vinywani mwao. Baba hatasema mbele yako. Hatasema mbele yangu pia, mimi ni binti yake. Na anayepanga viti anajua."

"Unataka nifanye nini?"

"Wewe ndiye unayesimama pale mbele. Mimi ni yeyote tu."

Akavaa viatu vyake vya mpira akaenda zake mvuani. Nilibaki na yale mawe yake mezani. Nilikuwa nimekosea kumwita mwenye kiburi. Ni mtu aliyefiwa anayejua kusoma.

Jumatatu, 16 Aprili

Mvua ya mawe imepiga chai yote upande wa mto. Watu wanaokota barafu na kulia.

Jumatano, 18 Aprili

Ondieki alinikuta bombani. Akanijazia ndoo yangu kwanza.

"Mwalimu anaandika barua kwa Hakimu, nasikia. Anataka baba yake aitwe tena."

"Sijui."

"Hujui." Akacheka. "Esnah anaendeleaje?"

"Vizuri."

"Mshukuru Mungu. Barabara ya Kisii imekatika pale darajani, magari ya watu hayapiti. Ni Landrova tu inayopita." Akaniwekea ndoo mkononi kama ndugu. "Mambo ya wazee waachie wazee, Ogari. Wamezoea aibu zao."

Hakunitisha. Angenitisha ningejua la kufanya. Nilipofika nyumbani nusu ya maji ilikuwa imemwagika njiani.

Jumapili, 22 Aprili

Pasaka ya Wakatoliki. Wanapita barabarani na ngoma, wameloa chapachapa, wanaimba.

Jumamosi, 28 Aprili

Kanisani Ondieki alikaa benchi moja nasi, akambeba binti yangu mapajani muda wote wa mahubiri. Mtoto anampenda. Alilala kifuani pake. Nilitazama mikono yake mikubwa ikimpapasa mgongo, nikawaza mikono hiyo hiyo juu ya Ishmael, nikatoka nje nikatapika nyuma ya jengo. Shemasi akanipa tangawizi.

Jumatatu, 7 Mei

Hakimu amekubali ombi la mwalimu. Mzee ataitwa tena tarehe kumi na sita. Inspekta ameomba kwa maandishi kwamba mkalimani awe ni mimi. Nimelibeba ombi hilo mwenyewe, nikalitia jaladani mwenyewe.

Naweza kuugua siku hiyo. Wataahirisha mpaka nipone. Naweza kutafsiri nisichoambiwa, nikafungwa mimi kwa kiapo cha uongo. Naweza kugeuza neno lile lile tena, kama karanga zinavyogeuzwa kikaangoni. Kila ninakogeuka ni ule ua wa michongoma.

Alhamisi, 10 Mei

Nimemwambia Esnah yote. Nilidhani atalia. Alikuwa anachambua mboga ya chinsaga, hakuacha.

"Kwa hiyo unaogopa kwa sababu ya Landrova."

"Kwa sababu yako."

"Mimi ndiye niliyebebwa, Ogari. Nilimshukuru Ondieki kwa mdomo wangu na namshukuru mpaka leo. Lakini sikumwambia shukrani yangu ni Ishmael." Akamwaga maji ya mboga nje kwa nguvu. "Usinitumie mimi kufunga mdomo wako."

Ijumaa, 11 Mei

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta Esnah amefungasha. Anakwenda kwa mama yake mjini Nyamira, na mtoto. Kule hospitali ni ya kutembea kwa miguu.

"Haya," akasema, "sasa huna sababu."

Jumapili, 13 Mei

Mvua. Nyumba tupu. Uji nimeuunguza.

Jumatano, 16 Mei

Naandika polepole, nisiharibu.

Ondieki alikuwa mlangoni tena. Wake za wana benchi la mbele, wana nyuma yao, mke wa Ishmael katikati kabisa. Mvua ilikuwa bado iko milimani, tunaisikia inakuja.

Mwalimu Drusilla alisimama, akarudia ombi la barua yake kwamba baba yake aulizwe upya. Inspekta, naye mgeni kama Hakimu, akapinga: mzee alishasema kwa mdomo wake mwenyewe. Hakimu hakumjibu. Alikuwa na yale majalada manne mezani. Akasoma kwa sauti lile neno, moja baada ya jingine, mpaka la Mzee Nyamweya. Kisha akavua miwani.

"Bwana Ogari. Haya yote ulitafsiri wewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sawasawa?"

"Neno kwa neno."

"Basi wazee wa huku wana neno moja tu la kusema wakifiwa?" Kuna waliocheka kwa woga. "Maana yake nini?"

Nilimtazama Ondieki. Alikuwa na lile tabasamu lake la drafti, anapokuwa ameshaona pa kurukia na wewe hujaona. Nikamgeukia Hakimu.

"Mheshimiwa, maana yake ni kwamba mzee ameona kitu asichoweza kukitaja mbele yetu. Kwetu baba hautaji mwili wa mwanawe mbele ya wana, wala mbele ya wake zao. Waliokaa mbele hapa ni wake za wanawe. Mimi ninayemtafsiria ni mwana. Tukiwa humu, hataongea mpaka afe. Na aliyewaketisha hawa hapa anajua hivyo, kwa sababu naye ni Mkisii na ana baba."

"Nani aliyewaketisha?"

Loo, jina la rafiki likiwa mdomoni ni zito.

"Koplo Ondieki, Mheshimiwa. Leo na mara ya kwanza. Naomba niondolewe kwenye kazi hii. Mimi ndiye kizuizi."

Mahakama ikavuma. Hakimu akagonga meza, akauliza ni nani basi atakayetafsiri. Drusilla alikuwa amejiandaa. Kutoka nyuma alisimama Mzee Manasseh, rika moja na Mzee Nyamweya, walipashwa tohara msimu mmoja, kisha yeye akaenda Burma na jeshi la Mfalme. Alikuwa amevaa kofia yake ya vita.

"Kiswahili unakijua?" Hakimu akamuuliza.

"Mingi sana, Afande! Ya kijeshi!"

Safari hii hata mzee alitaka kucheka. Manasseh akaapishwa.

Hakimu akatangaza kwamba mahakama ni ya wazi, hamfukuzi mtu, anayetaka kukaa akae. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Drusilla alitangulia kutoka. Wakafuata wake za wana, na mke wa Ishmael ameshikwa mikono, kisha wana, kisha karani, kisha sisi wengine wote tuliozaliwa nyuma ya wale wazee wawili. Tulitoka tukiwapa mgongo, bila kelele. Wageni tu ndio waliobaki, Hakimu na Inspekta.

Na Ondieki. Yeye hakutoka. Alikaa kwenye kiti chake ukutani, mikono magotini.

Manasseh alimgeukia kwa Ekegusii, amewaka. "Wewe mtoto, umezaliwa na nani? Toka nje!"

Nilikuwa nimefika mlangoni. Ndipo Mzee Nyamweya aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na Manasseh akababaika akitafuta Kiswahili chake. Hakimu akanitazama mimi. Nikatafsiri nikiwa nimeshika kitasa, bila kugeuka.

"Mheshimiwa, anasema: mwache huyo akae. Huyo alishayaona."

Nikafunga mlango.

Mvua ikafika wakati huo huo. Tulisimama uwanjani sote, hakuna aliyekimbilia barazani, maana barazani kunasikika. Drusilla alikuwa na mwavuli kwapani, hakuufungua.

"Unasikia kitu?" akaniuliza.

"Mvua tu."

"Mimi pia," akasema, na akalia kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo wazi, kama mtoto.

Mzee alitoka mwisho. Alinipita. Hakunitazama, nami sikumtazama, kama inavyopasa. Lakini alinyanyua mkono akajifuta maji usoni karibu nami kabisa, taratibu, kama mtu aliyefika kwake.

Alhamisi, 17 Mei

Kazi ya kushona kurasa jaladani ni yangu. Nimeshona zile za jana nikitazama mabati, nisizisome. Nimejidunga sindano mara nyingi.

Jumatano, 23 Mei

Hakimu ametoa uamuzi. Ishmael hakuanguka popote. Aliumizwa akiwa mikononi mwa polisi, na jalada linakwenda Nairobi, waamue nani ashtakiwe. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa namtafsiria mzee, na hayo angalau niliweza kumwambia.

Jumatatu, 28 Mei

Nairobi haijajibu. Ondieki yuko palepale. Anakwenda kazini, anarudi. Bomba limetiwa kufuli, nateka maji mtoni. Jioni anakaa barazani kwake na vifuniko vya soda, anacheza pande zote mbili mwenyewe. Leo alinipungia mkono. Nami, Mungu anisamehe, niliupunga wangu.

Alhamisi, 31 Mei

Barua. Nimehamishiwa Lodwar, mbali kule jangwani, niripoti kabla ya tarehe kumi na tano mwezi ujao. Lodwar hakuna hata mmoja anayesema Ekegusii, kwa hiyo wanataka mkalimani wa nini? Esnah bado hajajifungua.

Jumatatu, 4 Juni

Mvua inapungua. Tangu siku ile Manasseh huja kila asubuhi na kofia yake, anakaa barazani mwa mahakama. Nilimwambia hana kesi. "Ninangoja kuitwa," akasema.

Alhamisi, 7 Juni

Nilikuwa napanga meza niiache safi kwa atakayenirithi, nikakuta mawe ya Drusilla kwenye droo. Nikayarudisha humo.

Jua limewaka leo, mara ya kwanza kwa muda. Nilipoinua kichwa mzee mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza, ana fimbo na koti refu. Nilimtambua baada ya kitambo. Angwenyi, wa mwaka sitini na nane. Amezeeka. Nikasimama, nikamsalimu kwa adabu, nikamuuliza nimsaidie nini.

"Ile habari yangu iko humu bado?"

"Iko, Tata. Haitupwi."

"Nasikia mtu anaweza kuisoma."

"Yeyote."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama pembeni yangu, ukutani, kama inavyopasa.

"Nilisema alikuwa amelala," akasema. "Sikuwa nimemaliza."

Nikaenda kugonga mlango wa Hakimu. Kisha nikamwita Manasseh kutoka barazani, nikampa kiti changu, nikachukua kofia yangu na kutoka nje, mpaka kule uwanjani ambako hakusikiki.